Mbwa ana uvimbe kwenye titi: eksirei, ultrasaundi au skani ya CT?

Simu za namna hii nimezipokea kutoka Uyole, Tukuyu, Chimala, hata Mafinga. "Bwana mifugo, jike langu limetoka kidude kwenye titi. Nimpeleke wapi akapigwe picha?" Neno ni hilohilo, picha, kana kwamba picha ni moja. Ziko za aina kadhaa, na kila moja ina swali lake. Nimeshawaona watu waliouza debe za mahindi wakasafiri siku nzima, wakarudi na bahasha kubwa mkononi na bado hawajui kama mbwa akatwe au asikatwe, kwa sababu walilipia jibu la swali ambalo hawakuwa nalo.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo. Nimefanya kazi ya mifugo Mbeya kwa muda mrefu, na jike langu mwenyewe, Tausi, alipita njia hii akiwa na miaka tisa. Nitamtaja mara moja mbele, kwa sababu alinifundisha jambo ambalo darasani nililisikia likapita.

Kabla ya mashine yoyote, anza na mkono. Mlaze mbwa ubavu, umtulize, pitisha vidole titi moja baada ya jingine. Kwa kawaida mbwa ana jozi tano: mbili kifuani, mbili tumboni, moja kinenani. Uvimbe huota zaidi kwenye jozi mbili za nyuma kwa kuwa ndizo zenye nyama nyingi ya maziwa. Ukiukuta, usiseme "kama harage" au "kama parachichi", maana parachichi la Rungwe lina ukubwa wa kila namna. Chukua rula. Chini ya sentimita 3 ni daraja moja, kati ya 3 na 5 ni la pili, zaidi ya 5 ni la tatu. Ndivyo madaktari wanavyoyapanga, na kila daraja linashusha matumaini kidogo. Kisha tafuta mitoki: matiti ya mbele hupeleka maji yake kwapani, ya nyuma kinenani, na la katikati linaweza kwenda upande wowote. Andika kipimo na tarehe kwenye daftari. Kipimo hicho hakina gharama, na kila daktari utakayemwona atakiuliza.

Jambo la pili la kujua ni kwamba kwa mbwa, takriban nusu ya uvimbe wa titi ni saratani na nusu si saratani. Kwa macho huwezi kutofautisha. Hakuna picha kati ya hizi nitakazozieleza inayotofautisha kwa uhakika pia, na naomba hilo ulishike tangu sasa.

Maswali nitakayoiuliza kila picha

Inajibu swali gani? Inaona kitu kidogo kiasi gani? Mbwa, na watu wanaomshika, wanapitia nini? Ukiwa huku Nyanda za Juu Kusini unaifikiaje, na mfuko unaumia kiasi gani? Mwisho, inamfaa nani? Sitataja bei kwa shilingi, kwa sababu kila kituo kina yake na hubadilika; nitasema tu ipi iko juu ya ipi.

Eksirei ya kifua

*Swali lake.* Je, ugonjwa umeshafika mapafuni? Basi. Haiulizi kile kidude cha tumboni ni nini. Mtu anashangaa: uvimbe uko kwenye titi, mbona wanapiga picha kifua? Sababu iko kwenye njia ya damu. Damu inayotoka kwenye matiti hurudi upande wa kulia wa moyo, na moyo huisukuma moja kwa moja mapafuni, kwenye vishipa vyembamba mno. Chembe ya saratani iliyong'oka hunaswa huko, kama pumba kwenye chekeche. Daktari anataka kujua hilo kabla ya kushika kisu, kwa kuwa kumfungua mbwa ambaye mapafu yake yameshajaa vinundu ni kumwongezea maumivu bila kumwongezea maisha.

*Inaona nini.* Mionzi aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwezi Novemba 1895 hupita kirahisi kwenye hewa, kwa ugumu kiasi kwenye nyama na maji, na kwa taabu kwenye kalisi ya mifupa. Pafu limejaa hewa, kwa hiyo linatoka jeusi, na kinundu cha nyama ndani yake kinatoka cheupe, kama punje ya mchele kwenye kaniki. Hapo ndipo eksirei ina nguvu. Mpaka wake ni ukubwa: kinundu kilicho chini ya milimita 5 hivi mara nyingi hakionekani, na hata kikubwa zaidi kinaweza kujificha nyuma ya moyo au chini ya kivuli cha ini. Kwa hiyo eksirei safi maana yake ni "hatujaona kitu", haina maana ya "hakuna kitu". Daktari anayekuambia hivyo anakuheshimu.

Na picha moja haitoshi. Zinatakiwa tatu: ubavu wa kulia chini, ubavu wa kushoto chini, na moja ya kulala chali au kifudifudi. Mbwa akilala ubavu, pafu la chini linabanwa, hewa inapungua, na kinundu kilichomo kinapotea kwa sababu nyama na pafu lisilo na hewa vina weupe unaokaribiana. Pafu la juu ndilo linaloonekana vizuri. Ukipiga upande mmoja tu, umetazama nusu ya kifua. Picha ipigwe mbwa akiwa amevuta pumzi ndani, na miguu ya mbele ivutwe mbele ili misuli ya mkono isifunike mapafu. Ukipewa picha moja tu ya ubavu kwa hoja kwamba "inatosha", omba nyingine mbili kwa upole, na kama gharama ndiyo kikwazo, sema wazi mpange.

Sasa Tausi. Picha yake ya kwanza ilionyesha doa moja jeupe la mviringo, chini ya kifua, safi kabisa. Aliyeisoma alisema ugonjwa umeshafika mapafuni, tumrudishe nyumbani tumtunze mpaka siku zake ziishe. Mke wangu alilia ndani ya gari mpaka nyumbani. Usiku sikulala, na alfajiri nikakumbuka: jike mwenye matiti yaliyovimba ana chuchu zilizosimama, na chuchu za kifuani ziko juu ya ngozi palepale mapafu yanapopigwa picha. Tulirudi. Tukapaka kila chuchu ya kifua bariamu kidogo, ile dawa nyeupe inayozuia mionzi, tukapiga tena. Lile doa likawaka kama taa. Lilikuwa chuchu. Tausi alifanyiwa upasuaji wiki iliyofuata.

Tangu siku hiyo, kabla mbwa hajapanda mezani, nampitia ngozi nzima ya kifua kwa mkono. Natoa kupe, kwa sababu kupe aliyeshiba naye ni doa la mviringo. Nafuta tope, nakausha manyoya yaliyolowa. Mbwa wazee nao huwa na vijiwe vidogo vya mfupa ndani ya mapafu visivyo na madhara. Hivyo vinajitambulisha kwa weupe wake, kwa kuwa kinundu cha saratani cha ukubwa uleule hakiwezi kuwa cheupe kama mfupa. Na huku Afrika Mashariki kuna yule mnyoo anayeota kivimbe kwenye umio, Spirocerca, ambao mbwa wazururaji huupata kwa kula mende wa mavi. Uvimbe wake unaweza kuonekana nyuma ya moyo na ukasomwa vibaya.

*Mbwa anapitia nini.* Mara nyingi mbwa mtulivu hahitaji dawa ya usingizi, au anapewa kidogo tu ya kumtuliza. Haumwi. Mionzi kwa mbwa ni midogo. Anayepaswa kujilinda ni wewe unayemshika: vaa aproni ya risasi na glovu zake, usiweke mkono ndani ya mwanga wa mashine, na kama mifuko ya mchanga inaweza kumshika mbwa badala yako, toka. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inayokupata inapungua hadi robo. Mjamzito na mtoto wasiingie kabisa.

*Unaifikiaje.* Piga simu kwanza, kwa sababu mashine yenyewe siyo kikwazo pekee. Anatakiwa mtu anayejua kumlaza mbwa na mtu anayejua kusoma kifua cha mbwa. Mashine ya mionzi inatakiwa iwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na una haki ya kuuliza. Siku hizi picha nyingi ni za kidijitali, kwa hiyo inaweza kupigwa Mbeya au Iringa ikasomwa na mtaalamu aliye Morogoro. Omba faili halisi kwenye diski au flashi. Picha ya simu iliyopigwa mbele ya skrini hupoteza vile vinundu vidogo unavyovitafuta. Kwa gharama, hii na ultrasaundi ndizo zilizo karibu na mfuko wa mtu wa kawaida.

*Inamfaa nani.* Mbwa yeyote anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa titi, hasa uvimbe ukizidi sentimita 3, au ukiwa umekua kwa haraka, au mtoki ukiwa mgumu, au mbwa akiwa anakohoa na kuchoka haraka kwenye kilima alichozoea kukipanda.

Eksirei ya titi lenyewe

Kwa wanawake ndiyo mamografia, na watu wengi huniuliza kwa nini mbwa hapigwi hiyo. Swali lake lingekuwa: ndani ya uvimbe huu kuna nini? Hutumia volti ndogo, kilovolti 25 hadi 30 hivi, ili tofauti ndogo za nyama zionekane, na kinachotafutwa zaidi ni chembe za kalisi. Kwa mwanamke ina kazi kubwa kwa kuwa inaona uvimbe ambao mkono haujaugusa. Titi la mbwa liko nje, chini ya ngozi ya tumbo, na vidole vinakuta punje ya hindi kabla mashine haijawashwa. Halafu mbwa ana jambo lake: baadhi ya uvimbe wake huchanganyika na gegedu na mfupa wa kweli, hali ambayo kwa wanawake ni nadra, kwa hiyo kuona kalisi hakukuambii mengi kuhusu ubaya wa uvimbe. Faida yake hailingani na usumbufu wake. Sijaona sababu ya mfugaji wa huku kuitafuta. Inamfaa mtafiti, na nitarudi kwake.

Ultrasaundi

*Swali lake.* Uvimbe huu una maji au nyama? Umeshika kwenye misuli au unacheza? Mitoki ikoje? Na tumboni, kwenye ini na kwenye tezi zilizo chini ya uti wa mgongo, kuna kitu? Ni maswali mengi, na ndiyo nguvu yake. Haina mionzi, inatumia mawimbi ya sauti tusiyoyasikia.

*Inaona nini.* Maji hutoka meusi, nyama hutoka ya kijivu. Ukiwa na kichwa cha mashine cha mawimbi ya juu, kile bapa kinachotumika kwa vitu vya karibu na ngozi, unaona uvimbe wa milimita chache na mpaka wake. Unaweza pia kuongoza sindano ichote pale penye nyama, isichote kwenye maji tu. Lakini sauti haipiti hewani. Pafu kwa ultrasaundi ni ukuta. Kinundu kilicho katikati ya pafu huwezi kukiona hata ukiwa na mashine mpya. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumempiga ultrasaundi, mapafu salama", mwombe eksirei. Na kijivu chenye mipaka ya ovyo kinatia shaka tu. Hakithibitishi saratani, kama ambavyo mipaka mizuri haiusafishi uvimbe.

*Mbwa anapitia nini.* Ananyolewa sehemu ya tumbo na kupakwa jeli. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya au Makete ni kali kwa mbwa aliyenyolewa. Mfute jeli vizuri na umfunike njiani. Vinginevyo hana shida, na mtoto anaweza kukaa pembeni akimshika kichwa.

*Unaifikiaje.* Mashine za kubebeka zipo na nyingine hutumika kupima mimba za ng'ombe, kwa hiyo huenda ikafika hata shambani. Tahadhari yangu ni kwamba kichwa cha kupimia ng'ombe kwa njia ya nyuma na kile cha kupimia uvimbe wa ngozi havifanani kazi, na matokeo yanategemea mno mkono wa mshikaji. Muulize amewahi kupima mbwa wangapi.

*Inamfaa nani.* Jike aliyezaa karibuni na haijulikani kama ni jipu, maziwa yaliyoganda au uvimbe. Mbwa mwenye uvimbe laini unaobonyea. Mbwa mnene ambaye mkono hausemi kitu. Na yule mwenye uvimbe wa matiti ya nyuma ambaye mtoki wa kinenani umevimba, maana ugonjwa unaweza kuwa umepanda ndani ya tumbo.

Skani ya CT

*Swali lake* ni lile la eksirei ya kifua, likiulizwa kwa makini zaidi: je, kuna kinundu hata kidogo mapafuni, na mitoki ya ndani ya kifua ikoje? Pia humwonyesha mpasuaji uvimbe mkubwa umejikita mpaka wapi kwenye ukuta wa mwili.

*Inaona nini.* Ni mionzi ileile ya Röntgen, ila chanzo kinamzunguka mbwa na kompyuta inamkata vipande kama mkate. Hakuna kivuli juu ya kivuli, moyo haufuniki chochote, na kinundu cha milimita 1 hivi kinaweza kuonekana. Hapo eksirei haiigusi. Lakini uwezo huo una upande wa pili: CT huona pia vidoa vidogo visivyo na maana, na unaweza kubaki na doa la milimita 2 ambalo hakuna awezaye kukuambia ni nini mpaka upige tena baada ya wiki kadhaa.

*Mbwa anapitia nini.* Lazima atulie kabisa, kwa hiyo ni nusu kaputi au dawa nzito ya kumtuliza, na mara nyingi anachomwa dawa yenye ayodini kwenye mshipa. Kwa jike mzee apimwe figo na moyo kwanza. Mionzi anayopata ni mingi kuliko ya eksirei, ingawa kwa mbwa wa miaka tisa au kumi hilo si la kuogopa sana.

*Unaifikiaje.* CT kwa wanyama bado ni adimu nchini, na kutoka huku ni safari. Usimpakie mbwa bila kuwa na jibu la simu na tarehe. Kutoka Mbeya hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 600 kupitia Makambako, Iringa na mteremko wa Kitonga. Mabasi mengi hayapakii mbwa, kwa hiyo hesabu gari la kukodi, usiku mmoja wa kulala, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Muulize pia afisa mifugo wa halmashauri kuhusu kibali cha kumsafirisha. Ukijumlisha hayo, gharama inaizidi eksirei kwa mbali kabla hujalipia skani yenyewe.

*Inamfaa nani.* Mwenye uvimbe mkubwa unaohitaji upasuaji mgumu, ambaye angeghairi upasuaji huo kama kingeonekana kinundu kimoja tu mapafuni. Pia yule ambaye eksirei yake tatu zimeacha shaka. Ukijua kwamba utamfanyia upasuaji vyovyote CT itakavyosema, fedha hiyo ni bora uiweke kwenye upasuaji.

Na zile mbinu za maabara?

Wanafunzi huniuliza, hasa walio vyuoni Morogoro na Mbeya, kwa hiyo niseme kidogo. Uvimbe wa titi la mbwa unachunguzwa duniani kwa mbinu za eksirei ambazo hazigusi mbwa aliye hai. Zinatumia kipande kilichokwisha kukatwa. Sababu ya mbwa kuchaguliwa ni kwamba anaugua mwenyewe, uzeeni, akiishi nyumba moja na sisi, akila makombo yetu, kwa hiyo saratani yake inafanana na ya mwanamke kuliko ile ya panya aliyepandikizwa.

Mbinu mbili zinalinganishwa mara kwa mara. Ya kwanza hupiga kipande kwa eksirei na kusikiliza kila elementi ikijibu kwa nishati yake: chuma kwa kiloelektronivolti 6.4, zinki kwa 8.6, kalisi kwa 3.7. Inakuambia kuna madini gani na kiasi gani. Ya pili hutazama jinsi mionzi inavyotawanyika kwa pembe ndogo sana inapopita kwenye nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia nyama, zenye mpangilio unaojirudia kila nanomita 65 hivi. Saratani inapopenya, mpangilio huo huvurugika. Kama swali lako ni la kemia ya uvimbe, ya kwanza inakufaa, na haihitaji mashine kubwa kupindukia. Kama ni la umbile la nyama inayouzunguka, ni ya pili, na mara nyingi hiyo hutaka mionzi ya sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kuzalisha eksirei kali, ya nje ya nchi. Ushauri mmoja wa vitendo: kama unapima madini, gandisha kipande mapema na usikiloweke, kwa sababu fomalini huondoa baadhi ya madini na kuingiza ya kwake. Hayo yote ni ya utafiti. Mfugaji wa Isyesye hayamhusu kesho asubuhi.

Kile ambacho picha hazisemi

Jina la uvimbe linatoka kwenye nyama yenyewe. Sindano nyembamba huchota seli, zikapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Inasaidia kuondoa jipu, mafuta, au saratani ya ngozi iliyojificha palepale, lakini kwa titi la mbwa haitoi daraja la kuaminika la ukali wa saratani, ambalo si lile la ukubwa tulilopima kwa rula. Daraja linatoka kwenye kipande chote kilichotolewa kwa upasuaji, kikawekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, sehemu moja ya nyama kwa kumi za dawa. Tafadhali msikitupe. Nimeuliza mara nyingi "kile kinyama kiko wapi?" nikajibiwa kiliendea shimoni. Kituo cha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) kilichopo Iringa na hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro ni sehemu mbili za kuanza kuuliza kama wanapokea na kinafikishwaje.

Kwa hali yako

Jike amezaa wiki chache zilizopita, titi lina joto, maziwa yana usaha: huyo atibiwe kwanza kama mwenye ugonjwa wa kiwele. Uvimbe ukibaki baada ya matibabu, ndipo ultrasaundi na sindano.

Uvimbe mmoja chini ya sentimita 3, unacheza chini ya ngozi, mitoki laini, mbwa anakula na kukimbia: kama fedha ni ya kitu kimoja, iende kwenye upasuaji na kwenye maabara ya kipande. Kama iko ya viwili, ongeza eksirei tatu za kifua. Kungoja "tuone kama utakua" ndiko kunakogeuza sentimita 2 kuwa 6, na niliwahi kufanya kosa hilo mwenyewe, kwa miezi minne.

Uvimbe umezidi sentimita 3, au ni kadhaa kwenye mstari mmoja: eksirei tatu za kifua kabla ya kisu, bila mjadala. Ultrasaundi ya tumbo ikipatikana jirani, iongezwe, hasa kwa matiti ya nyuma.

Eksirei ina doa moja lenye shaka: kagua ngozi, toa kupe, paka bariamu kwenye chuchu, rudia. Likibaki, ndipo uchague kati ya CT na kurudia eksirei baada ya wiki nne hadi sita. Mwenye uwezo wa safari na aende CT. Asiye nao hajamnyima mbwa wake haki kwa kungoja wiki hizo, kwa sababu kinundu cha saratani kitakuwa kimekua na kitaonekana.

Matiti kadhaa yamevimba kwa pamoja, mekundu, magumu kama ubao, yana joto, mguu wa nyuma umejaa maji, na mbwa analia ukimgusa: kuna aina ya saratani inayokuja kwa sura hiyo na kisu hakiisaidii. Usizunguke na mashine. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano ya uchunguzi na dawa ya maumivu.

Mbwa anahema kwa shida akiwa amelala tu: eksirei ya kifua ije kabla ya chochote, na mumbebe, asitembee. Mkifika, msimlaze chali ili tu picha ya tatu ipatikane. Mwacheni kifudifudi, apumue.

Na kama jike wako bado ni mchanga na hana uvimbe wowote, muulize daktari kuhusu kumtoa kizazi mapema, na usikubali achomwe zile sindano za kuzuia mimba zenye projestini, aina ya homoni, ambazo wengine huwachoma mbwa kila baada ya miezi michache. Zinaongeza hatari ya uvimbe huuhuu. Mpitishe mkono tumboni kila mwisho wa mwezi, siku ile unapomwogesha dawa ya kupe.